Dharura Zenye Tarehe

Jumapili moja jioni, mwanzoni mwa mwaka, nilikaa mezani na daftari, kalamu na simu, nikaanza kuzirudia meseji za malipo mwezi baada ya mwezi mpaka nikaumaliza mwaka mzima uliopita. Sikuwa nasaka matumizi ya hovyo. Nilitaka kujua jambo moja tu: mwaka ule nilikopa mara ngapi, na kila mara nilikopea nini. Nikapata mara 14. Nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika sababu ya mkopo, kulia nikaandika "nilijua" au "sikujua", kwa maana kwamba kama ningeulizwa mwezi mmoja kabla, je, ningeweza kusema gharama hiyo inakuja? Nilipofika chini ya ukurasa, "sikujua" zilikuwa 3. Zile 11 zilizobaki zilikuwa karo, sare na viatu vya shule, kodi ya nyumba iliyolipwa kwa mkupuo, bima ya mwaka, matairi yaliyokwisha kuwa vipara tangu katikati ya mwaka, na jino ambalo kwa miezi minne nilikuwa nalikwepa kwa kutafunia upande wa pili.

Kila moja, siku ilipofika, niliiita dharura, na niliamini kabisa kwamba ni dharura.

Tangu jioni ile siyaamini tena maelezo ya kawaida kuhusu kwa nini watu hawana akiba. Tunaambiwa tatizo ni vitu vidogo vidogo: kinywaji cha njiani, vocha, nguo ya mnada. Sikatai kwamba vitu hivyo vinakula pesa. Lakini mtu anaweza kujinyima vyote hivyo mwaka mzima na bado Januari ikamkuta anakopa, kisha akajilaumu kwamba hana nidhamu, wakati nidhamu anayo tele. Kinachomwangusha ni gharama kubwa chache ambazo haziji kila mwezi, ambazo tarehe zake anazijua, na ambazo hazimo popote kwenye hesabu zake.

Tuweke namba, maana bila namba mjadala huu hugeuka mahubiri. Chukua mtu anayepata 1,000 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote. Matumizi yake ya kila mwezi, yaani chakula, nauli, umeme, maji na mengineyo, ni 900. Kwa hesabu ya mwezi ana ziada ya 100, na ukimwuliza atakwambia kwa dhati kwamba kipato chake kinamtosha. Sasa kusanya gharama zake za mara moja moja: karo, bima, matengenezo, mavazi, safari ya kwenda kwa wazazi. Tuseme kwa mwaka zinafika 1,800. Zigawe kwa 12, upate 150 kwa mwezi. Matumizi yake halisi ni 1,050. Mtu huyu hana ziada ya 100. Ana upungufu wa 50 kila mwezi, au 600 kwa mwaka, na hajui.

Hajui kwa sababu upungufu wenyewe haujionyeshi kwa usawa. Labda miezi minane inapita bila gharama kubwa hata moja, na katika miezi hiyo anaishi kama mwenye ziada. Anaongeza hiki, anamtoa rafiki chakula cha jioni, ananunua simu kwa malipo ya kidogo kidogo kwa sababu anaona marejesho yanaingia vizuri kwenye ile 100. Kisha inakuja miezi minne iliyobeba 1,800 yote, na anailaani miezi hiyo. Anasema Januari ni mwezi mbaya. Januari haina kosa. Pesa ya Januari ilitakiwa kutengwa mwezi wa sita, mwezi wa tisa na wa kumi, miezi ile iliyoonekana mizuri.

Chanzo chake ni kwamba bajeti zetu tumezikata kwa kipimo cha mshahara. Mshahara ni wa mwezi, kwa hiyo tunafikiri kwa mwezi. Maisha yenyewe yanakwenda kwa mwaka. Shule ina kalenda ya mwaka, leseni ni ya mwaka, mvua na baridi zina misimu yake, na hata viatu vina umri wake wa kuchakaa. Anayepima gunia kwa kikombe atapata jibu, lakini lazima ahesabu vikombe vyote, na sisi tunahesabu kimoja.

Upungufu huo ungekuwa nafuu kama ungeishia kwenye ile 600. Lakini kwa kuwa unakuja kwa mkupuo na unakuja na haraka, mtu huuziba kwa mkopo, na mkopo wa haraka ndio wenye riba mbaya kuliko yote. Kukopa harusi, kulipa matanga, wanasema wahenga, na hesabu inawaunga mkono. Mkopo wa siku 30 wenye riba ya asilimia 10 unaonekana mdogo. Nani atalia kwa sababu ya kumi juu ya mia? Lakini asilimia 10 kwa mwezi ni asilimia 120 kwa mwaka, hata kabla riba haijaanza kuzaa riba. Na kama mtu analipa mkopo huu kwa kuchukua mwingine, jambo ambalo wengi wamelifanya kimya kimya, deni la 100 likiviringishwa hivyo kwa miezi 12 linakaribia 314.

Ipo aina nyingine ya mkopo inayoonekana ya kistaarabu zaidi, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Umekopa 1,200 kwa miezi 12, umeambiwa riba ni asilimia 20 kwa mwaka. Mkopeshaji anakokotoa asilimia 20 ya kiasi chote, anapata 240, anajumlisha, anagawa kwa 12, na wewe unarejesha 120 kila mwezi. Inaonekana haki. Lakini ukiingia mwezi wa saba tayari umesharudisha nusu ya pesa ya watu, na bado unatozwa riba kana kwamba yote iko mkononi mwako. Mwezi wa mwisho unadaiwa 100 tu ya mkopo wenyewe, na juu yake unalipa riba ileile ya 20 uliyolipa mwezi wa kwanza ulipokuwa na 1,200. Riba ikikokotolewa kwa salio linalopungua, mkopo huo ni wa karibu asilimia 35 kwa mwaka. Maneno ni yaleyale, "asilimia ishirini", ila bei ni nyingine kabisa. Kabla ya kuweka saini popote, uliza maswali mawili: jumla nitarudisha kiasi gani pamoja na ada zote, na riba inakokotolewa kwa kiasi cha mwanzo au kwa salio? Asiyeweza kukujibu kwa namba moja iliyo wazi, ondoka kwake.

Ukiligeuza jambo hili upande wa pili, utaona kwa nini kuitengea karo mapema ni zaidi ya utaratibu mzuri. Anayelipa gharama ya mwaka kwa pesa aliyokwisha kuitenga anaepuka riba ya asilimia 35, au hiyo ya 120. Sijaona akaunti ya akiba inayolipa faida ya namna hiyo. Watu huniuliza wawekeze wapi, na mara nyingi naona jibu liko kwenye bili ya mwezi wa tatu ambayo bado hawajaanza kuitengea. Tena mwenye pesa tayari hununua kwa masharti mengine: analipa bima ya mwaka kwa mara moja badala ya awamu zenye nyongeza, anachukua sabuni ya unga ya mfuko mkubwa wakati mwenzake ananunua vipakiti na kulipia kila gramu kwa bei ya juu, anabadilisha tairi kabla halijamharibia na ringi. Hii ndiyo sehemu inayoniuma ninapoitazama. Asiye na cha kutanguliza huuziwa vitu vilevile kwa bei kubwa zaidi, mwaka baada ya mwaka.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1904, mwandishi wa habari wa Japani, Hani Motoko, alichapisha daftari la hesabu za nyumbani linaloyagawa matumizi kwa mafungu, na madaftari ya aina hiyo yanatumika nchini humo hadi leo. Lakini daftari ninalolizungumzia mimi lina kurasa 12 tu, moja kwa kila mwezi ujao. Humo hauandiki ulichotumia jana. Unaandika kitakachokuja: mwezi wa pili kuna nini, wa tano kuna nini, wa tisa kuna nini. Ukimaliza, jumlisha kurasa zote, gawa kwa 12, na hiyo ndiyo gharama ya kila mwezi ambayo ulikuwa huiandiki. Kwa yule mtu wetu ni 150.

Nashauri kazi hii ifanywe na watu wote wanaobeba nyumba, wakiwa meza moja. Nyumbani kwangu mmoja anazijua tarehe za shule na chanjo za watoto, mwingine anajua bima inaisha lini na paa linavuja wapi. Tulipoandika kila mtu peke yake, kila orodha ilikuwa nusu. Tulipoziunganisha jumla ilitushtua sote wawili, na tulinyamaza kwa muda kabla ya yeyote kusema neno. Ilikuwa heri kushtuka mwezi wa kwanza tukiwa tumekaa, kuliko kushtuka mwezi wa tisa tukiwa tunagombana.

Kundi la pili la gharama ni gumu kidogo. Haya ni mambo ambayo siku yake huijui, lakini kuja yatakuja: kioo cha simu, jino, pampu ya maji, homa ya mtoto, ndugu aliyekwama. Hapa watu husema haiwezekani kupanga, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Huwezi kukipanga kitu kimoja kimoja, lakini fungu lao linapangika. Rudi nyuma miaka miwili au mitatu kwenye meseji zako, jumlisha matukio yote ya aina hiyo, tafuta wastani wa mwaka. Wastani huo hauyumbi sana kama unavyodhani, kwa sababu mwaka ambao simu haikuvunjika, pampu iliharibika. Ndugu nao waingie humo. Kuna wanaoona haya kuandika "ndugu" kwenye bajeti, kana kwamba ni kuwahesabia watu wema unaowatendea. Mimi naona ndivyo unavyoweza kumsaidia mtu bila kinyongo: unatoa kilichokwisha kutengwa kwa ajili hiyo, na kikiisha unamwambia ukweli kwamba kimeisha.

Dharura ya kweli, ile ya ajali, ugonjwa mzito, kazi kukatika ghafla au moto, inabaki kundi lake. Hii haigawanyiki kwa 12. Inahitaji akiba ya kando inayoweza kukulisha miezi kadhaa, washauri wengi hutaja mitatu hadi sita, na inahitaji bima kwa yale mapigo ambayo hakuna akiba ya mtu wa kawaida inayoweza kuyabeba. Ila angalia: ukishazitoa karo na matairi kwenye mfuko wa dharura, mfuko huo huanza kudumu. Wengi waliojaribu kuujenga wakashindwa walikuwa wanauchota kila robo mwaka kwa mambo yaliyokuwa kwenye kalenda, kisha wakakata tamaa wakidhani kujenga mfuko wa dharura ni jambo la matajiri.

Sasa pesa hiyo ikae wapi? Ikichanganyika na pesa ya matumizi, itatumika. Hilo halihitaji kulaumiwa, ni kawaida ya binadamu, na limefanyiwa utafiti wa kutosha. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alionyesha kwamba watu hawaioni pesa kama kitu kimoja. Huigawa kichwani kwa mafungu, na fungu lenye jina huheshimiwa kuliko salio lisilo na jina. Bahasha iliyoandikwa "karo" inafunguka kwa shida kuliko bahasha tupu. Nchini Ufilipino, watafiti Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin walishirikiana na benki moja kuwapa baadhi ya wateja akaunti ambayo pesa yake haitoki mpaka tarehe au kiasi walichokichagua wenyewe kifikiwe. Riba haikuwa kubwa kuliko ya akaunti ya kawaida. Walichopewa ni kufuli tu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, baada ya miezi 12 ukuaji wa akiba ya waliopewa nafasi hiyo uliwazidi wasiopewa kwa pointi 81 za asilimia, yaani ukitoa asilimia ya ukuaji wa hawa kwenye ya wale, inabaki 81.

Naye Thaler, akiwa na Shlomo Benartzi, waliwaendea wafanyakazi wa kiwanda kimoja Marekani ambao walisema hawawezi kukatwa zaidi kwa ajili ya akiba ya uzeeni. Hawakuwabishia. Waliwaomba wakubali jambo dogo: kila mshahara utakapoongezwa siku zijazo, sehemu ya nyongeza iende kwenye akiba. Waliokubali walianza na asilimia 3.5 ya mshahara, na baada ya miezi 40 walikuwa wanaweka asilimia 13.6, bila hata siku moja kuona mshahara wao wa mkononi ukipungua. Katika majaribio yote mawili hakuna aliyefundishwa kujinyima. Mambo yaliyobadilishwa ni mahali pesa inapokaa na wakati inapoondoka. Kwa hiyo fungu la mwaka liondoke siku ileile kipato kinapoingia, likakae kwenye akaunti au mfuko wenye jina lake, na ikiwezekana wenye kufuli.

Msomaji mwenye biashara ndogo, fundi au mkulima atasema haya ni ya wenye mishahara. Naomba aniamini kwamba kwake yana uzito zaidi, maana kwake si gharama peke yake zinazopanda na kushuka, hata kipato chenyewe hakitulii. Watafiti waliofuatilia na kuandika mapato na matumizi ya familia zenye kipato kidogo nchini Bangladesh, India na Afrika Kusini walikuta familia hizo zinaweka na kukopa mfululizo, kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, kwa sababu pesa kidogo inayokuja bila ratiba inahitaji kusimamiwa kwa makini kuliko pesa nyingi. Nayakataa kabisa maneno kwamba maskini hawajui akiba. Kwa mwenye kipato kisichotulia, acha kiasi cha mwezi, tumia asilimia ya kila pesa inayoingia. Yule mtu wetu alihitaji 1,800 katika kipato cha mwaka cha 12,000, yaani asilimia 15. Mwenye kipato kama hicho kinachokuja kwa mafungu atoe 15 katika kila 100 inayoingia, iwe siku nzuri au mbovu, na siku nzuri zitabeba mzigo wa mbovu. Na tukiri lililo wazi: ikiwa jumla ya mwaka inazidi kipato cha mwaka, kama kwa yule wa 12,600 dhidi ya 12,000, hakuna bahasha itakayoziba 600 hiyo. Lazima kitu kipungue au kipato kiongezeke. Daftari linamwambia mapema, akiwa bado na nafasi ya kuchagua kipi kipungue.

Mfumuko wa bei nausemea kwa kifupi. Luca Pacioli, mwanahisabati wa Italia, aliitaja tangu mwaka 1494 kanuni ya kugawa 72 kwa asilimia ili kupata miaka ya kitu kuwa maradufu. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, 72 gawa kwa 6 ni 12, kwa hiyo pesa iliyolala chini ya godoro kwa miaka 12 itanunua karibu nusu ya ilichonunua mwanzo. Hilo ni la kuangalia kwa akiba ya uzeeni au ya kujenga. Fungu la karo linalokaa miezi minane haliumizwi hivyo, na sioni sababu ya kulihatarisha kwa kukimbiza faida. Lenyewe linatakiwa liwepo siku likihitajika, basi. Mwaka unaofuata, ongeza asilimia chache kwenye makadirio.

Ugumu halisi uko kwenye mwaka wa kwanza, na ni vibaya kuuficha. Mwaka huo unabeba mizigo miwili: unalipa madeni ya mwaka uliopita na papo hapo unatengea mwaka ujao. Wengi huacha mwezi wa tatu, na siwalaumu. Njia iliyonifaa ilikuwa kuchagua gharama moja tu, ile iliyokuwa mbele zaidi kiasi cha kunipa muda, na kuitengea hiyo peke yake huku nyingine nikiendelea kuzikopea kama zamani. Mkopo wa kwanza ulipokwisha, nilifanya jambo ambalo nalipendekeza kuliko mengine yote: sikuacha kulipa. Marejesho yaleyale, tarehe ileile, kiasi kilekile, niliyaelekeza kwenye fungu langu mwenyewe. Mwili ulishazoea kuishi bila pesa ile. Kila deni lililokwisha liligeuka kuwa bahasha, na kufikia mwezi wa kumi na moja bahasha zilikuwa tano.

Januari iliyofuata nililipa karo siku ya tatu ya mwezi. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni, nimeshika karatasi ya malipo, na dada aliyekuwa mbele yangu alikuwa anaongea na simu, amegeukia ukutani, sauti ya chini, akimwomba mtu amsaidie mpaka mwisho wa mwezi. Niliijua sauti ile. Mwaka mmoja kabla nilisimama kwenye foleni hiyohiyo nikiongea hivyohivyo.

Mwaka huu mikopo yangu ni 2. Moja ilikuwa ya hospitali, na kwenye daftari, upande wa kulia, nimeandika "sikujua". Ya pili ilikuwa ya matairi, na bado naitafutia bahasha.